Matawi ya Kitonga

Harufu ndiyo iliyoondoka kwanza, na haikuaga. Ambakisye alikuwa anapita na lori Ruaha Mbuyuni, pale ambapo vitunguu hupangwa kando ya lami mafungu kwa mafungu, hata abiria aliyelala tangu Tunduma huamka akajua amefika wapi. Alipita katikati ya soko, dirisha wazi, vitunguu huku na vitunguu huku, puani hamna kitu. Akadhani ni mafua. Mafua hayakuja, harufu haikurudi, naye hakumwambia mtu. Mtu anaanzaje kulalamika kwamba vitunguu havinuki?

Baada ya harufu ukafuata mkono wa kulia. Kidole gumba na cha shahada vilianza kusuguana vyenyewe, kama vya mtu anayepima unga kama umesagika vizuri. Halafu mguu, uliokuwa ukigoma mlangoni kama punda aliyeona nyoka. Halafu uso. Mkewe, Tusekile, akaanza kumuuliza amekasirikia nini, kumbe hakukasirika. Ni uso tu ulioacha kusema.

"Baba Lusajo, nimekuudhi?"

"Hapana."

"Basi cheka kidogo nione."

Akacheka. Tusekile akamtazama, kisha akarudi kwenye ungo wake wa mchele. Hakuomba tena.

Ambakisye mwenyewe hakuona huzuni wala hofu. Aliyatazama mambo hayo kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha shamba la jirani. Pengine hiyo nayo ilikuwa sehemu ya ugonjwa. Nani angejua?

Lakini akipanda gari, yote yaliisha.

Enzi hizo madereva wa lori moja walikuwa wamebaki mmoja mmoja, wakaidi. Wengine wote waliongoza msafara: lori la mbele lina mtu, na nyuma yake malori sita hayana hata paka. Watu wa barabarani waliyaita vifaranga. Na dereva wa mbele, hata awe na ndevu kama beberu, alikuwa Mama.

"Mama, vifaranga wamekula?" walimtania vijana wa kituo cha kuchajia Makambako.

"Wameshiba. Wasichokozwe."

Akishajibu hivyo hupanda, hukaa, huvaa kofia. Ilikuwa wavu wa nyuzi laini tu, mwepesi kuliko barakashia, lakini wavu ule ulisikia amri ndani ya kichwa kabla amri haijafika mkononi. Mama akifunga breki, vifaranga walifunga naye, si baada yake. Wangengoja kuona, wangegongana. Tena kofia ilichuja. Dereva ni mtu: hupiga chafya, hujikuna, hushtushwa na nzi. Kofia ilikamua hayo yote kama tui, machicha yakabaki, na vifaranga wakapewa mwendo safi. Na ili mwili wa Mama usije ukapingana na watoto wake, mwendo ule uliochujwa ulirudishwa kwake mwenyewe, kupitia bangili za mikononi na za vifundoni.

Kwa hiyo ndani ya kofia vidole vilitulia. Mguu ukawa mwepesi. Kila mwaka ukaguzi wa madereva ulifanywa kofia ikiwa kichwani, na kila mwaka mkaguzi alimsifu.

"Mzee, una mikono ya fundi saa."

Ambakisye alishukuru, akashuka, akasimama kwenye ngazi ya mwisho akingoja mguu ukubali kugusa ardhi.

*

Daktari Nyamizi wa hospitali ya rufaa alikuwa mwanamke mfupi asiyekuwa na haraka. Alimpiga picha za ubongo, akampima damu, akamtoa maji ya uti wa mgongo. Alimwambia agonganishe vidole, afumbe macho, atembee kwenye korido. Alipomwita siku ya majibu, alizima kioo cha kompyuta yake kwanza.

"Unaumwa," alisema. "Hilo naliona. Unaumwa nini, hilo sijaliona."

"Picha zinasemaje?"

"Safi. Damu safi. Maji safi. Dawa niliyokupa ya kujaribu, imesaidia?"

"Imenipa kichefuchefu."

"Basi nimeandika ugonjwa wa mwendo, unashukiwa."

"Unashukiwa. Kama mwizi."

"Kama mwizi, baba. Na hatujamkamata." Akautazama mkono wake, ambao ulikuwa unapima unga juu ya goti. "Hiyo kofia umeivaa muda gani?"

"Tangu zilipoletwa."

"Inawezekana ugonjwa ulikuwepo, kofia ikauficha. Inawezekana pia kofia ndiyo imeuleta. Mtu akikubebea mzigo wako kila siku, mwisho bega linasahau kazi. Nimeomba wenye kofia waniruhusu niifungue, wamekataa. Wanasema ni siri ya biashara. Kwa hiyo sijui kilichotangulia."

"Kuku au yai."

"Ndiyo."

"Kazini mimi ndiye kuku," Ambakisye alisema, na daktari hakuelewa, naye hakumweleza.

Kisha akauliza lile lililomleta. Akiacha kazi kwa karatasi ile, atapata pensheni ya ugonjwa? Daktari akatikisa kichwa. Pensheni ilikwenda na jina. Mwenye jina la ugonjwa alipewa, anayeshukiwa alisubiri.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Nisingeendesha," alisema Nyamizi. "Lakini mimi nina mshahara hata nisipoendesha, kwa hiyo usinisikilize sana."

Ambakisye alimheshimu kwa neno hilo. Wiki iliyofuata alirudi barabarani.

*

Kitonga kwa anayekwenda Dar ni mteremko. Mlima kushoto, shimo kulia, kona juu ya kona, na nyani wamekaa kwenye kingo kama wajumbe wa kikao. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika. Ambakisye alikuwa na shaba nyuma yake, vifaranga wote sita wamejaa, wanashuka taratibu kama mazishi.

Kabla ya kona moja akaona matawi.

Matawi mabichi, majani bado yanang'aa, yamelazwa kwenye lami upande wake. Kila aliyewahi kushika usukani nchi hii anajua maana yake, na hajui alifundishwa na nani: mbele kuna gari limekufa, punguza. Sheria ya wakati huo ilitaka kifaa cha onyo, kisanduku kinachozungumza na kofia moja kwa moja. Vifaranga walijua kisanduku tu. Tawi kwao lilikuwa jani. Ndiyo maana sheria ilimwacha mtu pale mbele, aone yale ambayo hakuna kifaa kilichoyasema.

Na aliyaona. Kichwa kikasema breki. Mguu ukaanza kwenda, ila ulianza kama ulivyozoea kuanza nyumbani siku hizo, kwa kutetema, kwa kusitasita, na kofia ikaona huo ni uchafu, ikauchuja. Bangili ya kifundoni ikamrudishia mguu uliotulia, mguu mzuri, umekaa pale pale ulipokuwa.

Akakaa kama abiria ndani ya mwili wake. Hakuogopa. Alikumbuka baadaye kwamba alimtazama nyani mmoja aliyekuwa akimenya kitu.

Walipoingia kwenye kona alikanyaga kwa miguu yote miwili, na hapo kofia ikakubali. Lori lake lilipita. Vifaranga wa kwanza walipita. Lakini breki ile ilikuwa ya ghafla kwenye lami yenye maji, na kifaranga wa nne akapepesuka mkia, ukagusa lori bovu lililosimama kando. Haukuligonga sana. Ulilisukuma tu, likateleza kutoka kwenye mawe yaliyozuia magurudumu, na mtu aliyekuwa amelala chini yake akilitengeneza akauvuta mwili wake wote nje isipokuwa mguu.

Mtu huyo alikuwa Ligunda. Alikuwa mmoja wa wale wakaidi waliobaki na lori moja na mikono yao wenyewe. Alikuwa akibeba nyanya za Ilula tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

*

Kampuni ya Ambakisye ilifurahi, kwa namna kampuni zinavyofurahi. Kumbukumbu ya kofia ilionyesha dereva mtulivu, mkono safi, aliyefunga breki mara tu alipoliona lori. Onyo halikuwepo. Kamera za vifaranga zilinasa yale matawi zikayaita takataka za majani. Kwa hiyo kosa lilikuwa la mwenye lori bovu, na kikao kikaitwa Iringa kumnyang'anya leseni.

Ambakisye alikwenda Ilula kumjulia hali. Alimkuta amekaa ukumbini, mguu kwenye hogo la plasta umeinuliwa juu ya kreti la nyanya, gongo la kutembelea limeegemezwa ukutani.

"Karibu, Mama. Umekuja kumalizia na huu wa pili?"

"Pole, ndugu yangu."

"Nishapoa. Pita ndani. Mbona umesimama mlangoni kama mtoza ushuru?"

"Mguu umekataa."

"Umekataa nini? Chai?"

"Umekataa mlango."

Ligunda akacheka, akidhani ni utani. Kisha akaona jasho kwenye uso wa mwenzake, uso usiosema kitu, akaacha kucheka. Akalichukua gongo amnyooshee ashike. Likamponyoka, likaanguka likalala kwenye kizingiti. Na mguu wa Ambakisye, ule uliokuwa umeota mizizi, ukainuka wenyewe, ukaliruka gongo, ukaingia ndani.

Wote wawili wakalitazama gongo.

"Hebu rudi nje," alisema Ligunda. "Tuone tena."

Akatoka. Ligunda akaliondoa gongo kwa mguu wake mzima. Mguu wa Ambakisye ukagoma. Gongo likarudishwa, mguu ukaruka. Wakafanya hivyo mpaka mke wa Ligunda akachungulia kutoka jikoni kuuliza kama wazee wameanza kucheza kibe kama watoto.

"Kumbe ukipewa mlango mtupu huwezi," Ligunda alisema. "Ukiwekewa kizuizi unapita. Wewe ni binadamu wa namna gani?"

"Daktari hajui."

Chai ikaja. Ambakisye alishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Uliyaona matawi?" Ligunda aliuliza bila kumtazama.

"Niliyaona."

"Nilijua. Nilikata mabichi kabisa. Asiyeyaona hayo hata mkewe hamwoni."

"Kifaa chako kilikuwa wapi?"

"Chini ya kiti, ndani ya nailoni yake kama kilivyotoka dukani. Baba yangu alikata matawi, mimi nimekata matawi, hakuna aliyewahi kufa." Akaugusa mguu wake. "Nilisahau kwamba siku hizi magari yanatembea bila watu. Hilo kosa ni langu, nimeshalimeza. Ila wanasema hapakuwa na onyo kabisa. Hilo si kweli, na linaniuma kuliko huu mguu."

Ambakisye akamweleza. Vidole, harufu, mguu, kofia inavyochuja. Alieleza kwa sauti ndogo aliyobaki nayo, kama anasoma tangazo la mtu mwingine. Alipomaliza, Ligunda alikuwa akikuna juu ya hogo, mahali ambapo kucha hazifiki.

"Mimi wakinifukuza barabarani," alisema hatimaye, "nina hili hogo. Kila mtu ataona kilichonipata. Wewe ukisema, utawaonyesha nini?"

"Sina."

"Sikutumi useme. Madereva hatuchongeani, hata kwa faida." Akanywa chai. "Lakini siku nyingine, Mama, nyuma ya kona atakuwepo mtu anayelala vibaya kuliko mimi."

*

Asubuhi ya kikao Tusekile alimfunga vifungo vya shati. Vifungo navyo vilikuwa vimeshamshinda.

"Ukisema, tutakula nini?"

"Sijui."

"Usiposema?"

"Tutakula."

Tusekile akamaliza kifungo cha juu, akainyoosha kola ambayo haikuwa imekunjamana.

"Basi kaa unywe uji," alisema. "Ukaseme ukiwa umeshiba."

*

Mwenyekiti wa kikao alikuwa Bi Stamili, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kulia kwake alikaa injinia Kabyemela, aliyetumwa na wenye kofia. Ligunda alikuwa benchi la mbele, hogo limenyooka kama mzinga. Feni ilizunguka.

Ambakisye alisimama akasema kwamba aliyaona matawi, kwamba aliyaelewa, kwamba alitaka kufunga breki kabla ya kona na kofia ikamkatalia, kwa sababu mguu wake siku hizi huanza kwa kutetema na kofia haijui tofauti kati ya mtetemo na nia. Alisema yote. Hayakuchukua muda.

"Mzee," alisema Kabyemela kwa upole, "kumbukumbu yako ni safi kuliko ya madereva wote wa kampuni hii."

"Ndiyo. Ndiyo maana nasema."

"Huo mtetemo uko wapi?"

Akauweka mkono wa kulia mezani. Watu wote wakainama kuutazama, hata karani. Mkono uliokuwa ukipima unga mchana kutwa, uliomwaga chai Ilula, uliomwaga uji asubuhi ile ile, ulitulia pale kama mgeni mwenye adabu. Ambakisye aliungoja. Aliutazama kama wengine walivyoutazama. Feni ikazunguka.

"Una cheti cha daktari?" aliuliza Bi Stamili.

"Kinasema unashukiwa."

"Unashukiwa." Aliitua miwani. "Baba, nikihukumu chombo kinachoongoza nusu ya malori ya nchi hii kwa jambo linaloshukiwa, watanicheka mpaka nyumbani kwangu. Tumekusikia. Subiri nje tujadili."

"Wazee wanaoneana huruma," Kabyemela alimnong'oneza karani, na kila mtu akasikia.

Ambakisye hakusikia uchungu. Alitafuta uchungu ndani yake kama mtu anavyopapasa mfukoni, hakuukuta. Akageuka, akatembea mpaka mlangoni, na pale kwenye ukanda wa bati uliogawa chumba na baraza ya nje, mguu ukagoma.

"Unaweza kutoka, baba."

"Natoka."

Hakutoka. Magoti yalitetema kidogo ndani ya suruali, nyayo zimegandana na sakafu. Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Kisha jambo likawa refu kupita kiasi cha mchezo, na aliyecheka akakohoa kuufunika ule mcheko. Askari wa mlangoni akamgusa mgongoni amsaidie. Ambakisye akayumba mzima mzima kama kabati, askari akamdaka kwa hofu, akamrudisha wima.

"Anaigiza," alisema Kabyemela, lakini alilisema kama swali.

Ndipo likasikika gongo. Ligunda alijikongoja katikati ya viti, akajipenyeza ubavuni mwa mwenzake, akatoka nje. Wakamsikia akihangaika na ua wa mchongoma, akitukana miiba kwa kilugha cha kwao. Akarudi na tawi bichi, damu kwenye kidole, akainama kwa shida na kulilaza juu ya ule ukanda wa bati, la kukingama, kama linavyolazwa barabarani.

"Haya, Mama," alisema. "Pita."

Mguu ukainuka. Ukaliruka tawi. Ambakisye akawa nje.

Bi Stamili alikuwa amesimama. Alikuja mpaka mlangoni, akaliokota tawi kwa ncha za vidole kwa ajili ya miiba.

"Rudi ndani, baba."

Mguu ukagoma. Alijaribu, wote wakaona anajaribu, shingo imemtoka mishipa. Mwenyekiti akalirudisha tawi chini kwa mkono wake mwenyewe. Akaruka, akaingia.

Bi Stamili akalitazama lile tawi. Kisha akamgeukia injinia.

"Hiki hapa chini, chombo chenu kingekiita nini?"

Kabyemela aliangalia mlango, akaangalia meza, mahali ambapo mkono ulikuwa umelala umetulia.

"Takataka za majani," alisema.

*

Ligunda aliachiwa leseni yake siku hiyo hiyo, pamoja na karipio na amri ya kukitoa kifaa kwenye nailoni. Wenye kofia waliamriwa waifungue mbele ya madaktari; Kabyemela alisema watakata rufaa, lakini hakulisema kwa nguvu. Ambakisye alizitoa bangili mfukoni, moja moja, akaziweka mezani. Hangeendesha tena. Pensheni, Bi Stamili alimwambia bila kuficha, ingengoja jina, na jina lingengoja madaktari.

"Nimeelewa," alisema Ambakisye.

Wakatoka, wakakaa kwenye ngazi za nje, yeye na Ligunda. Jua lilikuwa kali. Huko chini barabarani msafara wa mtu mwingine ulipita, Mama na vifaranga sita, wote wakipinda kona kwa wakati mmoja kama kitu kimoja.

Kwenye goti la Ambakisye, vidole viwili vikaanza kupima unga.

"Sasa ndiyo unafika," Ligunda aliuambia mkono. "Kikao kimekwisha."

Ambakisye akautazama. Alijaribu kucheka, hakujua kama uso ulitii. Ligunda hakumuuliza.

Nyuma yao watu walikuwa wanaanza kutoka chumbani: karani, askari, injinia na mkoba wake, mwisho Bi Stamili. Tawi la mchongoma lilikuwa bado limelala kizingitini. Hakuna aliyeliondoa. Kila aliyefika pale aliliona, akapunguza mwendo, akainua mguu.